Salamu za Mpeleka Habari

Sauda alipofika kwa mama yake kule Lushoto, alimsalimia salamu ya mkato kwa makusudi, ili aone.

"Shikamoo mama. Habari za hapa? Mzima?"

Mama akaitikia marahaba, akaitikia njema, akaitikia mzima. Akampokea mkoba, akamwambia aingie ndani upesi, ukungu wa leo si wa kuchezea. Hakukosea hata neno. Ila nyuma ya sikio lake la kushoto kulikuwa na kitaa cha buluu, kidogo kama punje ya mtama, nacho kilikuwa kinawaka.

Sauda akavua viatu, akakaa kwenye kochi. "Mama," akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "nyumba inaungua."

"Alhamdulillahi," mama akajibu, akaenda jikoni kuinjika chai.

Nyumba haikuwa inaungua. Lakini Sauda alikuwa amepata jibu alilolitafuta, akabaki amekaa na koti lake la safari, hana hata hamu ya kulivua.

Miaka hiyo karibu kila mtu mzima pale mlimani alikuwa na kikunjo. Kilianzia kwa wang'oa meno. Unapachikwa punje nyuma ya sikio, unaibonyeza, jino linang'olewa, unazinduka limeshatoka. Katikati hapo hukuwepo. Mwili ulikaa kwenye kiti, mdomo ulifunguka ulipoambiwa ufunguke, lakini wewe mwenyewe ulikuwa umekunjwa kama mkeka na kuegemezwa ukutani. Watu wakaona mbona raha. Kama jino linarukika, foleni je? Safari ya Tanga je? Hotuba ya mgeni rasmi? Wakaanza kubonyeza, na kile kidude si kijinga, kilijifunza. Ukikibonyeza mara kadhaa ukiwa foleni, siku nyingine foleni inakunjwa yenyewe. Mwili unajiendea kwa mazoea, unajibu ukiulizwa, unasogea wenzako wakisogea. Unazinduka pale tu panapotokea jambo jipya.

Na watu wa mlimani kitu cha kwanza walichokibonyezea kilikuwa salamu. Usicheke. Asiyewahi kusalimiwa na Msambaa wa zamani hajui kusalimiwa ni nini. Utaulizwa ulivyoamka, ulivyoshinda jana, watoto, wazee, mbuzi, mvua, na ukidhani yamekwisha ndiyo kwanza mnaanza upya. Maji ya ugali yalichemka yakakauka mtu bado yuko mlangoni anaitikia. Kikunjo kilipokuja, watu wakaiachia midomo isalimiane yenyewe.

Mama yake Sauda alikwenda mbali kuliko wengine. Mjane, peke yake nyumbani, akabonyezea jioni, akabonyezea mvua, akabonyezea kusubiri simu. Wiki iliyopita jirani alifuata harufu ya moshi, akamkuta amesimama jikoni anakoroga uji ambao ulishakuwa mkaa. Mkono ulikuwa unazunguka vizuri tu. Kukoroga uji si jambo jipya.

*

Asubuhi ile, kabla ya kupanda kwa mama, Sauda alikuwa amepita stendi kwa Elineema, fundi wa vikunjo, Mpare wa Same aliyeolewa Lushoto, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno.

"Kitoe," Sauda alimwambia.

"Sikitoi. Nimeshatoa kwa wazee wengine wakashindwa kuubeba urefu wa siku moja. Anakaa kitini saa tatu asubuhi, anaangalia dirisha, anaona saa sita haifiki. Yule mzee wa Magamba hukusikia alichojifanyia?"

"Sasa?"

"Yeye alikifundisha kukunja, na chenyewe kinaweza kufundishwa kukunjua. Mtafutie kitu cha polepole ambacho yeye mwenyewe alikipenda. Siyo dansi, siyo mechi. Kitu kinachochosha, lakini akakipenda. Ukae naye, ukirudie na kurudia, mpaka kidude kione kwamba hapo pana mtu. Na chako ukizime. Huwezi kumvuta mtu shimoni na wewe umo."

Sauda alishika nyuma ya sikio lake. Kazi yake Dar ilikuwa kukagua mizigo bandarini, na bila kikunjo hakujua angezimalizaje zile zamu. Akakizima palepale, na palepale stendi ikawa ndefu. Watu walipita na vitaa vyao vya buluu kwenye ukungu, wakisalimiana vizuri, hakuna anayemwona mwenzake.

Tuseme kweli: Sauda hakuja kwa mapenzi. Alikuja kwa sababu watu wangesema. Tangu mwaka juzi alikuwa hamtaki mama yake. Kaka yake Hiza, kifungua mimba, alifia kwenye mitambo ya chini ya bahari huko ng'ambo, na bahari haikumrudisha. Mjomba wao, Mzee Shekalaghe, ndiye aliyetumwa kumwambia mama. Matanga yakakaliwa siku tatu bila jeneza wala kaburi. Na siku zote tatu mama wa marehemu alikaa mkekani kajifunika kanga kichwani hadi mabegani, anaitikia pole kwa adabu kama anayeitikia hodi. Hakutoa chozi. Wanawake wakanong'ona jikoni kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi huyu sijui kazaa wapi. Sauda aliyasikia hayo na hakumtetea mama yake.

*

Kitu cha polepole kilikuwepo. Kilikuwa kabatini, kwenye kompyuta ya Hiza ya ujanani: gemu linaloitwa Mpeleka Habari.

Lilitengenezwa zamani na vijana fulani wa Tanga, na lilipotoka watu walilicheka kwa uzito wake. Wewe ni mtu mzima mwenye fimbo na kibuyu. Kule kwenu mlimani kafa mtu. Dada yake kaolewa mbali, ng'ambo ya nyika, na wewe ndiye umetumwa kumpelekea habari. Basi. Hakuna joka, hakuna bunduki. Hakuna kitufe cha kukimbia, maana mpeleka msiba hakimbii. Unatembea. Ukikutana na mtu unamsalimia, na kila salamu lazima uibonyeze moja moja, usubiri aitikie, na yeye akuulize, umjibu. Ukikatiza, hagombi. Anasema "Ee, haya," anageukia kazi yake, na njia haonyeshi mtu. Utatembea weee, ujikute umerudi palepale ulipoanzia.

Walipokuwa wadogo, Sauda alitaka kumpiga yule mzee wa kwenye kioo. Hiza alilipenda vilevile lilivyo. "Tulia," alikuwa akimwambia, "hujui huyu bibi muuza magimbi ana nini cha kutuambia." Na mama, jikoni, alikuwa akiitikia salamu za gemu kupitia ukutani. "Wazima, sijui nyie!" halafu anacheka peke yake. Hawakulimaliza. Nyika ya mwisho ilikuwa pana mno, hata Hiza alichoka.

Sauda alilichomeka kwenye kioo cha runinga sebuleni, akamkalisha mama kochini, akaanza safari mpya. Kitaa cha buluu hakikutikisika. Siku ile ikapita, na ya pili, na ya tatu. Yule mzee alishuka mlima kwa mwendo wake wa kuudhi, fimbo ikigonga mawe, na mama alikaa pembeni, mikono mapajani, macho yakifuata kioo bila kuona. Akiambiwa ale, alikula. Akiambiwa "gemu zuri, eh?" alisema zuri.

Aliyepata tabu alikuwa Sauda. Alikuwa amesahau urefu wa muda. Mkono ulikuwa ukijiinukia wenyewe kwenda nyuma ya sikio, akaurudisha, ukainuka tena. Na katika ule urefu Hiza aliingia bila kubisha hodi. Sauda alikumbuka alivyokuwa akikaa sakafuni na rimoti, goti moja juu, anatafuna kola ya shati. Aligundua kwamba na yeye hakuwahi kumlilia kaka yake sawasawa. Alikuwa ameruka usiku wote wa mwaka ule wa kwanza, mmoja baada ya mwingine. Alilia pale kochini, rimoti mkononi, na mama yake pembeni akasema "Alhamdulillahi."

Siku moja asubuhi, mvua inanyesha, mpeleka habari alikutana na mchunga mbuzi kwenye daraja la miti. Sauda alikuwa amechoka. Akabonyeza habari ya asubuhi, akabonyeza habari ya mifugo, akabonyeza kuomba njia.

"Hujamuuliza watoto," sauti ikasema pembeni yake.

Sauda akageuka. Kitaa kilikuwa kimezimika. Mama alikuwa ameegemea mbele, amekunja uso, anamtazama mchunga mbuzi kama mtu anayemfahamu.

"Mama?"

"Utapotea. Huyu usipomuuliza watoto haonyeshi njia ipo upande gani. Hiza alikwambia mara ngapi?" Akamtazama Sauda juu mpaka chini. "Wewe umefika lini? Mbona umekonda hivyo?"

Sauda akarudi nyuma kwenye gemu, akamsalimia mchunga mbuzi upya, na alipouliza watoto, mama aliitikia pamoja naye.

*

Baada ya hapo mambo yakaenda. Mama alikuja kwa vipande, kisha kwa vipande virefu. Kwanza alikuwepo kwenye salamu tu, na mzee akianza kutembea kitaa kinawaka. Kisha akawa anakuwepo hata kwenye kutembea. Alianza kukosoa. Alisema yule bibi wa magimbi ni mwongo, na kweli njia aliyowaonyesha iliishia kwenye korongo. Siku mojamoja alibaki macho hata kioo kikiwa kimezimwa, akalalamikia baridi, na Sauda hakuwahi kufurahia malalamiko ya mtu namna ile. Akaanza kumsamehe kidogokidogo. Alijiambia kwamba kila mtu na msiba wake.

Juma moja kabla ya Idi kubwa walifika ukingo wa nyika. Sauda akafungua ukurasa wa kuhifadhi safari, ili kesho waendelee. Pale juu, katika safari za zamani, ilikuwepo moja yenye jina HIZA, imesimama katikati ya nyika miaka yote hiyo.

"Eti naye aliishia humo," mama akasema. Kisha uso wake ukabadilika. "Hivi kaka yako nimemkosea nini?"

"Unasema?"

"Hiza. Mbona hapigi simu? Mwaka wa pili huu. Nakaa na simu pale dirishani, nasubiri, nasubiri, mpaka nikaona heri nijikunje tu kuliko kusubiri mtoto asiyenitaka." Alisema kwa hasira, akiitazama simu pale dirishani. "Nakwambia wewe, na ukimpata umwambie. Idi hii ikipita hajanipigia, nimemtoa moyoni. Radhi zangu asahau."

Rimoti ilianguka. Sauda aliinama kuiokota, akakaa vilevile ameinama, kwa sababu hakujua uso wake ulikuwaje.

"Mama," akasema chini huko. "Mjomba Shekalaghe alipokuja… mwaka juzi. Alikwambia nini?"

"Mjomba wako? Si tangu harusi ya bintiye Zubeda sijamwona." Mama akafikiri. "Ila kuna siku nilizinduka nikakuta uani kumejaa masufuria ya watu, na pilau limebaki kibao. Nikasema kumbe tulikuwa na maulidi hapa. Nilitaka kumsimulia Hiza tucheke."

*

"Ndiyo, inawezekana," Elineema alisema. Aliweka chini koleo lake dogo na kwa mara ya kwanza akatafuta maneno. "Mjomba wako alimwambiaje? Alimwambia ghafla?"

Mzee Shekalaghe alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi, kofia mkononi. Sauda alikuwa amemchukua kwake njiani, na ndani ya gari alimweleza yote.

"Ghafla?" mzee akasema. "Mimi? Nimepeleka misiba tangu sijaota ndevu. Niliingia, nikamsalimia. Nikamuuliza za shamba, za mvua, za majirani. Nikaomba maji, nikanywa. Nikamsalimia tena mpaka moyo wake ukatulia kabisa, ndipo nikashusha sauti, nikamwambia kwamba Mungu kachukua amana yake. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikamsifu kwa watu. Nikasema dada yangu ana imani." Aliigeuza kofia. "Sijawahi kumwambia mtu vizuri kama nilivyomwambia yeye."

"Ndiyo maana," Elineema akasema. "Salamu zilimkunja. Ulipofika kwenye habari yenyewe alishaondoka, na mdomo ukajibu ulichozoea. Halafu kuna jambo moja. Hiki kidude kilitengenezwa kwa ajili ya meno. Mwili wa mtu aliyekunjwa ukipata maumivu makali, hakimwamshi, kinamshikilia. Kinafunga mlango mpaka moyo utulie. Matanga yakaisha, wageni wakaondoka, ndipo kikamwachia."

"Na tangu hapo kila aliyempa pole…" Sauda akasema.

"Alimpa kwa sauti ya chini, kwa adabu. Kikamkunja."

Nje mtu alikuwa akimsalimia mtu, wote wawili wakijibu bila kuwepo.

Elineema akasema njia ni moja. "Subiri awe macho, umwambie maneno mawili papo hapo. Mama, Hiza amekufa. Hakitawahi."

"Hivyo hata adui haambiwi," mzee akasema.

"Basi kwa taratibu zenu, mkitaka. Maumivu humfunga aliyekwisha kukunjwa. Akiingia kwenye uchungu yuko macho, hakimwezi. Lakini je, atabaki macho salamu zote? Za kwenye kioo anabaki, kwa sababu kimejifunza. Za mtu halisi, sijui. Akikunjwa katikati na habari ikamkuta humo, mlango utafungwa, na safari hii sina hakika kama utafunguka."

Mzee Shekalaghe akavaa kofia, akaivua. "Mwanangu, mwache," akasema. "Nakuomba. Sasa hivi ana mtoto mkorofi asiyepiga simu. Ukishamwambia hatakuwa na mtoto. Mkorofi si bora? Mimi mwenyewe natamani ningemkasirikia Hiza."

Sauda alimwelewa. Njia nzima alikuwa amejiambia maneno hayohayo, na yalikuwa matamu. Nani atamlaumu? Angeweza kurudi bandarini, akakiwasha chake, akaruka mwaka.

"Idi ikipita anamnyima radhi," akasema. "Anamnyima radhi maiti, mjomba. Na yeye anajikunja kila siku kwa sababu mtoto hamtaki. Huo ndio uongo unaomla."

Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Alipoiondoa alisema tu, "Basi usikatize hata moja. Na maji uombe."

*

Nyika ya Mpeleka Habari ilichukua siku zote zilizobaki. Huko hakuna watu wa kusalimia. Kuna nyasi, upepo na fimbo ikigonga, na mbali kabisa mstari wa milima ambao haukaribii. Ukiachia kitufe, mzee anasimama na kutazama nyuma alikotoka. Sauda na mama walipokezana rimoti. Mara mbili kitaa kiliwaka, na mara zote mbili Sauda alisimama na kusubiri, hakuongeza hata hatua mama akiwa hayupo. Walipita mahali ambapo safari ya Hiza ilikuwa imesimama. Mama alipatambua kwa mti mmoja mkavu. Akasonya.

Mkesha wa Idi, alasiri, ukungu umeziba dirisha lote, mpeleka habari alifika kwenye nyumba ya nyasi. Mwanamke alitoka, akajipangusa mikono. Sauda akabonyeza salamu. Yule mwanamke akaitikia, akauliza za mlimani. Akaleta maji. Akauliza za mvua, za mahindi, za jirani mmoja mmoja kwa jina. Vitufe vilikuja na kuondoka, na haikuja nafasi ya kusema habari yenyewe.

"Amemuulizia kila mtu," mama akasema polepole. "Ila kaka yake hajamuulizia."

"Ndiyo."

"Alijua tangu alipoiona fimbo."

Kwenye kioo mwanamke alitandika mkeka. Kikatokea kitufe kimoja cha mwisho: keti. Mama ndiye aliyekibonyeza. Mzee akaketi, mwanamke akaketi, na gemu likabaki hapo, wamekaa, mwanga ukipungua kwenye nyasi. Hakikuja kingine chochote. Hao vijana wa Tanga sijui walikuwa wamefiwa na nani.

Sauda aliweka rimoti mezani. Akashuka kochini, akakaa sakafuni mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama."

Mama alimshangaa. Walikuwa wameshinda pamoja kutwa. "Marahaba," akasema.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Jana ulishindaje?"

"Salama tu." Mama alikuwa anamtazama mdomoni. Nyuma ya sikio, kitaa kikamulika mara moja, buluu, Sauda akasita. Kikazimika. Akasubiri kidogo, akaendelea.

"Baridi ya huku je?"

"Tumeizoea."

"Majirani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama, naomba maji."

Mama hakuinuka. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kochi, na vidole vilikuwa vimebadilika rangi. Kwenye kioo wale wawili walikuwa bado wamekaa. Mama aliwatazama, akamtazama bintiye sakafuni, akatazama simu pale dirishani. Kisha akauachia ukingo wa kochi, akamimina maji kutoka kwenye jagi la mezani, taratibu, bila kumwaga, akampa. Sauda akanywa yote. Kila salamu aliyoijua alikuwa ameitumia.

"Bado," mama akasema.

"Mama…"

"Hujaniuliza watoto."

Sauda alitaka kukimbia. Alitaka mtu mwingine aje, mjomba, jirani, yeyote. Kitaa kilikuwa giza tupu.

"Watoto hawajambo, mama?"

Mama alivuta kanga mabegani, akaifunga vizuri kifuani kama mtu anayejiandaa kutoka kwenye baridi.

"Mmoja hajambo," akasema. "Wa pili nimemrudishia radhi zake zote, tangu leo na tangu zamani. Haya, niambie."

Sauda akamwambia.